Kwa nini kwenye karata hakuna mzungu wa kwanza?

Swali limetoka kwa kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimelifupisha kidogo.

"Shikamoo mwalimu. Hosteli kwetu tunacheza lasti kadi karibu kila jioni, na nilidhani karata nazijua. Likizo hii nimekwenda kwa babu yangu Kondoa, nikakuta wazee wanacheza kitu kingine kabisa. Wanatoa nane, tisa na kumi wanaziweka pembeni. Saba inamla mfalme. Malkia analiwa na gulamu, ile karata ya J. Mfalme wanamwita mzungu wa nne, gulamu mzungu wa tatu, malkia mzungu wa pili. Nikauliza, mzungu wa kwanza ni yupi? Wakacheka, wakasema hayupo. Babu anashikilia kwamba huo ndio mchezo wenyewe, lasti kadi ni ya watoto. Je, nani kakosea? Mchezo wao umetoka wapi, na wetu umetoka wapi?"

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekosea. Mnacheza michezo miwili isiyo na undugu wa karibu, ila mnatumia pakiti moja. Wa babu yako una asili ya Ureno. Wenu asili yake ni Marekani, nao ni wa juzi tu. Nitaanza na mzungu wa kwanza, maana ukishamwelewa huyo mengine yanafunguka yenyewe.

Hayupo kwa sababu namba zile hazitaji cheo. Zinataja alama. Mzungu wa nne ni karata ya picha inayohesabiwa alama 4. Wa tatu ana alama 3, wa pili ana alama 2. Karata ya picha yenye alama 1 haikuwahi kuwapo, ndiyo maana wazee walicheka. Najua "wa pili" linasikika kama cheo, kama vile mtoto wa pili au siku ya pili, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Lakini hebu zipange zile namba tatu kando ya hesabu ya mchezo wa Kireno unaoitwa Sueca, au wa jamaa yake Bisca. Kule mfalme ana alama 4, gulamu ana 3, malkia ana 2. Zote tatu zinalingana, na hata lile jambo lililokushangaza, la malkia kukaa chini ya gulamu, linalingana. Mimi siamini kwamba sadfa inaweza kupanga mambo vizuri namna hiyo. Kiswahili kimehifadhi ubao mzima wa alama ndani ya majina matatu.

Zilizobaki ni mbili. Ree, ile yenye umbo moja tu katikati mnayoiita A, ina alama 11. Saba, ambayo wazee wengi huiita seti, ina alama 10. Mbili, tatu, nne, tano na sita hazina kitu. Sasa jumlisha aina moja ya karata, iwe kopa, uru, shupaza au pau: 11 na 10 ni 21, ongeza 4, ongeza 3, ongeza 2, unapata 30. Aina ziko nne, kwa hiyo mezani pana alama 120. Nusu yake ni 60. Upande utakaofika 61 umeshinda.

Ukifika Unguja utakuta mchezo wa jamii hii unaitwa wahedi wa sitini. Hicho ni Kiarabu cha "sitini na moja". Jina la mchezo ni ile alama moja inayovuka nusu. Huku bara wengi wanacheza ndugu yake wanayemwita albastini, na kanuni zake zinabadilika kijiji hadi kijiji, lakini mifupa ni ileile.

Jumamosi moja nilikaa na wazee wanne karibu na soko la Majengo, hapa mjini Dodoma, juu ya kreti za soda, meza yao ikiwa ni ubao uliowekwa juu ya ndoo. Walikuwa wamemaliza kucheza, na mmoja, mwenye kofia ya kufumwa, akachukua rundo la upande wake ahesabu. Hakuhesabu kwa kalamu. Alikuwa anasukuma karata moja moja kwa dole gumba, zile zisizo na alama anazipitisha bila kuzitazama, na midomo inacheza: kumi na moja, ishirini na mbili. Hizo ni ree mbili. Thelathini na mbili, arobaini na mbili, hamsini na mbili. Hizo ni seti tatu. Akakutana na mzungu wa nne wa uru, akasema hamsini na sita. Mzungu wa tatu wa pau, hamsini na tisa. Rundo likabaki na karata tatu tu. Mpinzani wake alikuwa ameshainama mbele, mikono juu ya magoti. Mbili, hakuna kitu. Tano, hakuna kitu. Ya mwisho ikageuka, mzungu wa pili wa kopa, yule malkia ambaye wewe ulimwona mnyonge. Sitini na moja. Mzee aliigonga pale ubaoni mpaka ndoo ikalia, na wenzake upande wa pili hawakuhitaji hata kuhesabu rundo lao, maana kila mtu pale alijua limebaki na 59.

Ndiyo maana nakuambia wazee hawa hawachezi kwa bahati. Mchezaji mzuri wa karata hizi anajua kila wakati ni alama ngapi zimeshapita na ngapi ziko mikononi mwa watu. Tazama babu yako akinyamaza katikati ya mchezo. Anahesabu.

Sasa tuje kwenye Ureno. Ushahidi uko kwenye mdomo wako mwenyewe kila unapotaja karata. Neno karata ni carta la Kireno. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, mapanga. Pau ni paus, magongo. Seti ni sete, yaani saba. Turufu, ile aina inayopewa nguvu ya kula nyingine, ni trunfo. Na ree sioni pa kulipeleka isipokuwa kwa rei, maana yake mfalme. Utauliza, mfalme amefikaje kwenye karata isiyo na picha ya mtu? Mimi naona hivi: ree ndiyo inayokula zote, na anayekula wote ni mfalme. Wale wenye picha walishapata jina lao la wazungu kwa sura zao, taji, ndevu na majoho, kwa hiyo cheo cha ufalme kikaenda kwa mwenye nguvu.

Lakini tazama vizuri. Nimesema kopa ni vikombe, na wewe ukiishika kopa unaona moyo. Uru ni dhahabu, unaona umbo la pembe nne. Shupaza ni upanga, unaona kitu kama jani lenye kikonyo. Pau ni gongo, unaona ua la majani matatu, hata vijana wengine siku hizi wanaliita maua. Majina na picha havipatani kabisa. Sababu ni kwamba picha ni za Ufaransa na majina ni ya zamani kuliko picha. Karata za kale za Ureno, Hispania na Italia zilichorwa vikombe kweli, sarafu za dhahabu kweli, mapanga na magongo. Wafaransa, karne ya 15 ikielekea mwisho, wakatengeneza alama rahisi za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ambazo fundi angeweza kuzipiga kwa kiolezo bila kuchonga kila karata upya. Zikawa rahisi, zikaenea dunia nzima. Wareno nao baadaye walizipokea zile picha mpya lakini wakaendelea kuziita kwa majina ya zamani. Mswahili alirithi yote mawili, picha ya Mfaransa na jina la Mreno. Waingereza ni hivyohivyo: neno wanalotumia kwa shupaza linatokana na neno la upanga la Italia na Hispania, ingawa wao wenyewe wanadhani ni sepetu.

Hapo ndipo lilipo pia jibu la malkia. Kwenye karata za kale za Ureno hapakuwa na malkia. Juu alikuwapo mfalme, chini yake mpanda farasi, na chini kabisa mtumishi, ambaye Wareno walimchora mwanamke. Picha za Ufaransa zilipoingia, zilikuja na mfalme, malkia na kijana. Wachezaji walitazama nani ni mwanamke. Mwanamke wao alikuwa wa chini kabisa, basi malkia akakaa chini kabisa, na yule kijana akapanda kwenye nafasi ya mpanda farasi. Malkia wa Kondoa anabeba alama 2 kwa sababu amekaa kwenye kiti cha mtumishi wa Lisbon.

Na saba? Katika michezo mingi ya Ulaya ya jamii hii, karata ya pili kwa nguvu ni kumi, nayo ina alama 10, jambo linaloeleweka. Pakiti ya Wareno ya michezo hii ina karata 40: moja mpaka saba, na picha tatu, kwa kila aina. Kumi haimo. Tisa haimo, nane haimo. Namba kubwa kuliko zote ni saba, basi saba ndiyo ikachukua nafasi ya kumi pamoja na alama zake. Ndiyo sababu babu yako na wenzake wanatoa nane, tisa na kumi na kuziweka pembeni. Hawazitupi kwa ovyo. Wanairudisha pakiti ya Kifaransa yenye karata 52 kwenye pakiti ya Kireno ya 40, kitendo ambacho kinafanyika vilevile leo kwenye vijiwe vya Msumbiji na Ureno.

Naomba hapa nimpinge mtu mmoja ambaye sijui ni nani, ila nimesikia maneno yake mara nyingi, hata kutoka kwa walimu wenzangu: kwamba mchezo huu uliletwa na Vasco da Gama. Da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno waliingia Kilwa kwa nguvu mwaka 1505, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka 1698. Hayo ni kweli. Mabaharia wale walikuwa na karata mifukoni, na maneno kama karata na kopa yangeweza kabisa kushuka nao pwani pamoja na meza, bendera, leso na mvinyo. Lakini hesabu ya 11, 10, 4, 3, 2 tunaikuta kwenye maandishi ya Ulaya mwaka 1718, katika mchezo wa Ufaransa ulioitwa Brusquembille. Kipindi hicho Wareno walikuwa wameshaondoka Mombasa. Kwa hiyo mimi naiona safari hii kwa mawimbi mawili. La kwanza lilileta kitu chenyewe na majina ya aina nne. La pili lilileta hesabu, na pamoja nayo wale wazungu wa nne, wa tatu na wa pili, nalo lilipita mlango mwingine: Msumbiji, ambako Wareno walikaa mpaka 1975, na Goa kule India, ambako walikaa mpaka 1961 na ambako Wagoa wengi walitoka kuja Zanzibar na Tanganyika kufanya kazi. Hata gulamu analinong'ona hilo. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya kijana, lakini kwa Wahindi ndilo jina hasa la karata ile. Meza ya karata ya Uswahilini imejengwa na bahari nzima.

Kwenu Kondoa si jambo la ajabu kuyakuta maneno ya pwani. Karne ya 19 Kondoa ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe wa Kiswahili na Kiarabu, na njia kubwa ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo ikielekea Tabora na Ujiji. Watu waliosubiri maji, waliosubiri hongo, yaani ushuru wa kupita, ikubaliwe na mtemi, waliosubiri mpagazi apone homa, walikuwa na saa nyingi za kukaa. Baadaye ikaja reli ya Wajerumani, na stesheni nayo ni mahali pa kusubiri. Mimi mwenyewe albastini nilifundishwa na wapakuzi wa mizigo stesheni ya Dodoma, nikiwa kijana wa umri wako, tukingoja behewa.

Kabla ya Ureno kulikuwa na safari nyingine, nayo nitaipitia kwa haraka, ingawa ina kitu kimoja ambacho kila mtu wa Dodoma atakipenda. Karata zilianzia China. Zikapita mikono mingi kuelekea magharibi mpaka Misri ya masultani wa Kimamluki. Pakiti yao moja imehifadhiwa Istanbul, kwenye jumba la Topkapı. Ilikuwa ya karata 52, kama yenu, na aina nne: vikombe, sarafu, mapanga, na magongo ya kuchezea mpira juu ya farasi. Ulaya mchezo ule wa farasi hawakuujua, basi gongo la mpira likawa gongo tu, na gongo hilo ndilo pau lako. Karata za vyeo zilikuwa tatu: maliki, yaani mfalme, naibu wa maliki, na naibu wa pili. Hazikuwa na picha za watu, ziliandikwa vyeo kwa maandishi. Zilipofika Ulaya miaka ya 1370, Wahispania wakachukua lile neno naibu wakaliita karata zote naipes, na mpaka leo ndivyo wanavyoziita. Kwa hiyo naibu waziri anayesimama kujibu swali Bungeni hapa Dodoma, na pakiti ya karata inayouzwa Madrid, wana jina moja.

Karata hazikuwa zimekaa Ulaya hata miaka kumi, mji wa Florence ukazipiga marufuku, mwaka 1377. Ugomvi wa karata na kamari una umri sawa na karata zenyewe. Sina la kuongeza hapo ila hili: nilivyowaona wazee wa Majengo, wanachopigania ni 61 na heshima, na anayefungwa anampisha mwingine kwenye kreti.

Turufu nayo ina historia nzuri. Mwanzo karata zote zilishindana ndani ya aina yake tu, kubwa inakula ndogo. Waitaliano wa karne ya 15 wakabuni karata za ziada zilizoweza kula aina yoyote, wakaziita trionfi, yaani ushindi. Wazo hilo likahamia kwenye karata za kawaida: badala ya kuongeza karata mpya, chagua aina moja kati ya zile nne, uipe nguvu ya kula nyingine. Hiyo ndiyo turufu mnayoifungua kabla ya kuanza. Mbili ya turufu, karata isiyo na alama hata moja, inaweza kumla ree wa aina nyingine na kubeba alama zake 11. Watu wetu waliipenda sana nguvu hiyo ya mdogo mpaka wakaitoa mezani wakaipeleka kwenye siasa. Ukisikia redioni kwamba nchi fulani imetumia kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, unasikia kijiwe cha karata kikizungumza. Na garasa, ile karata isiyo na hesabu, sasa hivi huwezi kukaa kwenye banda la mpira msimu wa usajili bila kuisikia: klabu imeleta garasa. Mwanasiasa naye tunasema amechanga karata zake vizuri. Lasti kadi haijatupa neno hata moja la namna hii, bado.

Ngoja nikuonyeshe kitu kingine kwa sababu najua pakiti unayo karibu. Toa mzungu wa nne wa kopa. Tazama uso wake: wenzake watatu wana masharubu, yeye hana. Upanga wake anaonekana kama anajichoma nao nyuma ya kichwa. Huyu hakuzaliwa hivyo. Michoro hii ya wazungu wetu ilitoka Rouen, Ufaransa, ikaenda Uingereza, na mafundi wa Uingereza wakawa wanainakili kutoka nakala, nakala kutoka nakala, kwa mamia ya miaka. Mfalme wa kopa wa Rouen alishika shoka. Kila fundi alilikata kidogo pembeni kupata nafasi, mpaka kichwa cha shoka kikaisha, ukabaki mpini, na fundi mwingine akaugeuza upanga. Kisha toa ree ya shupaza. Kwenye pakiti nyingi ni kubwa na imepambwa kupita zote. Hiyo ni kumbukumbu ya kodi. Uingereza ilitoza kodi kwa kila pakiti, na karne ya 18 serikali ikaanza kuichapa ree ya shupaza yenyewe, kwa mapambo magumu kuigwa, iwe risiti ya kodi. Mtu aitwaye Richard Harding alinyongwa mwaka 1805 kwa kughushi ree ya shupaza. Kodi ilikuja kufutwa mwaka 1960, mapambo yakabaki.

Sasa lasti kadi yenu. Mchezo wa kushusha karata inayofanana kwa namba au kwa aina na iliyo juu, na anayemaliza mkononi ndiye mshindi, ni wa jamii nyingine kabisa. Hauna kula wala alama za 61 wala turufu. Mtu akikosa ya kushusha anaokota. Ulijulikana Marekani miaka ya 1930 kwa jina la nane, kwa sababu nane ilikuwa ndiyo karata ya kubadilisha aina. Ukaenea, kila nchi ikaweka adhabu zake: mbili unalishwa, nyingine inamruka mtu, nyingine inageuza mzunguko. Uingereza na kwingineko ukaitwa kwa onyo analotoa mchezaji anapobakiwa na karata moja, na jina hilo la Kiingereza ndilo lililotua kwetu kama lasti kadi. Mwaka 1971 kinyozi mmoja wa Ohio, Merle Robbins, akautengenezea pakiti yake ya rangi, bila kopa wala shupaza, akauita Uno. Ndugu zake walichanga dola 8,000 wakachapisha pakiti 5,000 za kwanza. Ukiona mtoto mtaa wa Area D anacheza Uno na wewe uko hosteli unacheza lasti kadi, mnacheza mchezo mmoja.

Babu anauita wa watoto, na ninamwelewa, ila simfuati mpaka mwisho. Lasti kadi unafundishwa kwa dakika tano, mnacheza watano au saba, anayeingia katikati anapokelewa. Mchezo wa wazee unataka wanne, wawili kwa wawili, wanaokaa mkabala na wenzao na kuelewana bila kusema. Kila mmoja una mahali pake. Ninachokililia ni kimoja: lasti kadi haiko hatarini, ule mwingine uko hatarini.

Nina deni langu katika hili, na nalisema. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu mpya wa zamu kwenye shule moja ya bweni huku kanda ya kati, niliwakuta wanafunzi wanacheza usiku. Pakiti haikuwa ya dukani. Mmoja wao alikuwa amekata maboksi ya sabuni vipande arobaini, akachora kwa kalamu ya bluu na nyekundu, na pembeni ya kila kipande ameandika kwa herufi ndogo: ree, seti, mz. 4, mz. 3, mz. 2. Vipande arobaini, si hamsini na viwili. Niliichoma moto mbele ya mstari asubuhi yake. Nilikuwa nafundisha Kiswahili, na sikuona kwamba nimeshika mkononi ukurasa wa historia ya Kiswahili ulioandikwa na mtoto wa darasa langu mwenyewe. Ningeupata leo ningeuwekea kioo.

Kwa hiyo nina kazi ya kukupa, mwanangu, na ifanye kabla likizo haijaisha. Usimwulize babu "kanuni za mchezo", maana atakuambia utazijua ukicheza. Kaa ucheze, kisha uliza kitu kimoja kimoja. Turufu mnaipataje, kwa kukata pakiti au kwa kugeuza karata ya mwisho ya mgawaji? Mtu mwenye karata ya aina iliyoshushwa analazimika kuishusha, au anaweza kuficha? Ukishika mbili ya turufu unaruhusiwa kuibadilisha na ile iliyofunguliwa? Wakifungana 60 kwa 60, wanafanya nini? Akishinda mtu kwa alama zote 120, ushindi huo una jina? Na ishara, konyezo la jicho au kugusa sikio kumwambia mwenzako una seti, zinakubalika au ni wizi? Kila jibu liandike kwa maneno yake yeye, usilitengeneze. Ukisikia neno usilolijua, hilo ndilo muhimu kuliko yote, liandike kama lilivyotamkwa.

Kisha niletee. Mimi Jumamosi mchana niko Majengo, kwenye zile kreti. Na ukija, njoo na mwenzako wa hosteli, ili tuwe wanne.